Barakoa Msibani

Nina ubishi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali ambapo sikustahili. Mama yangu alikuwa akisema hata nikipewa pipi nauliza kwa nini ya kijani. Haya ninayoyasimulia yangeweza kumalizika kwa maneno matatu ya upole barazani kwangu, nami sikuyasema.

Naishi Mbagala, mitaa ya ndani, mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka Barabara ya Kilwa. Nashona sare za shule. Desemba na Januari sipati hata nafasi ya kujikuna. Miaka michache iliyopita figo zangu ziligoma, zote mbili. Nikawa naenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, nikirudi nimechoka hivi kwamba hata kuvua viatu ni kazi. Tulikuwa tumebaki wawili kwetu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Akaenda kupimwa bila kuniambia. Jumapili moja alikuja, akala, akanawa mikono, akasema, "Dada, wamesema yangu inafaa. Tupange tarehe." Nililia mpaka akakasirika.

Baada ya upasuaji daktari alinieleza maisha yangu mapya. Dawa nitakazomeza mpaka mwisho kazi yake ni kuushusha ulinzi wa mwili, ili mwili usiione ile figo kuwa mgeni ukaanza kupigana nayo. "Mafua ambayo kwa mwenzio ni siku tatu za kupenga kamasi, wewe yanaweza kukulaza wodini," alisema, "na figo tukaipoteza." Kwa hiyo penye watu wengi, hasa ndani ya chumba, nivae barakoa. Nikiwa kwangu, au uani upepo unapita, sina haja nayo. Akaniandikia cheti, nikakikunja na kukitia kwenye pochi. Kilieleza kila kitu: upandikizaji wa figo, na kwamba aliyetoa ni ndugu wa damu. Mtaa mzima unajua nina ndugu wa damu mmoja tu, na ndiyo maana cheti hicho hakijawahi kutoka kwenye pochi.

Maana mdogo wangu naye alikuwa na sharti lake, na lilikuwa moja tu: asijue mtu. Yeye anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja huko Temeke, na anazijua baraza za wanaume. "Wakijua nina figo moja, wataniita nusu mtu," alisema. "Watasema sinyanyui, sizai, nakufa kesho. Nani ataniozesha binti yake?" Daktari alishamwambia atazaa na atanyanyua kama kawaida. Lakini daktari haji kwenye vikao vya posa. Basi yeye akaaga kazini kwamba anakwenda Lindi kwa matatizo ya kifamilia, na mimi nikatangaza kwamba nafanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, kitu ambacho kwa mwanamke wa umri wangu hakuna anayeuliza mara mbili.

Nilipoanza kutoka na barakoa, watu walishazisahau zamani. Ule ugonjwa uliotisha dunia ulikuwa umepita, zile ndoo za kunawia mikono milangoni zilikuwa zimegeuzwa za kufulia. Watoto wakawa wananiita dokta. Vijana wa bodaboda wakawa wananiuliza kama kuna wimbi jipya ambalo serikali haijasema. Sikujali. Mdogo wangu ndiye aliyejali kuliko mimi: tangu siku niliyotoka hospitali, mfuko wa shati lake haukosi barakoa mbili ndani ya kifuko cha nailoni, endapo yangu itakatika kamba. Yeye mwenyewe havai. Anatembea nazo tu.

Siku moja mlinzi wa benki alinisimamisha mlangoni. "Mama, hiyo toa. Ni sheria."

"Sheria ipi?"

Alinitazama, akatazama lango, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa muungwana. Akasema hakuna sheria ya kunikataza, ila nishushe kidogo kamera inione, kisha nipandishe, niingie. Nikashusha, nikapandisha, nikaingia. Lilikuwa ombi la haki na halikunichukulia hata nusu dakika. Lakini kuanzia siku hiyo nikawa na swali langu mdomoni, nikalipenda kupita kiasi.

Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa jirani ambaye kwa miaka mingi ni shoga yangu. Tumeazimana masufuria na mikeka mpaka hatujui tena kipi cha nani. Alikuwa akiishi na mama yake, bibi mtu mzima sana, presha na uzee vilishamweka kitandani. Jirani akitaka kwenda sokoni mchana, mimi nilikwenda kukaa na bibi. Chumba chake kilikuwa kidogo na dirisha lake halifunguki, kwa hiyo nilivaa barakoa. Bibi alinichungulia siku ya kwanza, akacheka kwa ufizi.

"Marehemu mama yangu alikuwa nayo barakoa," alisema. "Ya hariri, ina nakshi, zile za wanawake wa zamani. Yako ya karatasi."

Hayo tu. Katika mwaka mzima niliokaa naye hakuniuliza naivalia nini. Alinisimulia habari za mama yake, za Temeke ya minazi, na za mume wa pili ambaye hakumpenda. Akisinzia, nilikuwa namkunjia madera yake niliyomshonea mwenyewe.

Binti wa jirani, mjukuu wa bibi, ndiye ambaye mdogo wangu alikuja kumpenda. Hatukushangaa sana, maana mdogo wangu alikuwa ameanza kuja kunitembelea hata siku ambazo hakuna cha kutembelea. Barua ya posa ikapelekwa, ikapokewa, ikajibiwa vizuri. Ikabaki kupanga siku. Jirani akawa ananiita "mkwe" kwa sauti kubwa kupitia ukuta wa ua.

Bibi alifariki alfajiri ya Alhamisi. Nilisikia kilio nikiwa naswali, nikamaliza, nikachukua kanga, nikachukua barakoa, nikaenda.

Kwenye msiba wetu wa pwani wanaume huwa nje chini ya turubai, wanawake ndani. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake si chini ya thelathini, wamekaa mkekani goti kwa goti, madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa kwa sababu marehemu alikuwa anaoshwa nyuma ya pazia la chumba cha pili. Mafua yalikuwa yamezagaa mjini mwezi ule; mmoja alikuwa anakohoa, mwingine anapiga chafya. Nikavuta barakoa yangu vizuri, nikakaa karibu kabisa na lile pazia, kwa kuwa nilitaka kuwa karibu na bibi. Nililia ndani ya karatasi ile mpaka ikalowa, nikatoka uani, nikavaa nyingine, nikarudi palepale. Nilijiona nimefanya yote yanayotakiwa.

Kilichonipita ni kitu ambacho mtoto wa mtaani kwetu angekijua. Msibani kwetu, mtu akifunika pua, maana yake ni mbili tu. Ama maiti inanuka, ama imekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Hakuna ya tatu. Na mimi sikuwa mtu wa kupita njia. Kila mmoja mle ndani alijua kwamba ndiye niliyekuwa nakaa na bibi mchana. Kama kuna mtu anayeijua siri ya kifo chake, basi ni mimi, na mimi huyo nimekaa kwenye pazia nimejifunika pua, tena nimetoka kubadilisha.

Hakuna aliyeniuliza. Ningejibu, au pengine nisingejibu, lakini hakuna aliyeuliza. Waliomwosha marehemu walitoka wakanawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Baada ya maziko watu wakaanza kuaga mapema, huyu ameacha mtoto, huyu ana mgeni. Masufuria mawili ya ubwabwa wa msiba yakabaki hayajaguswa, na chakula cha msiba kwetu hakibakigi. Siku ya tatu, kwenye khitima, nusu ya mikeka ilikuwa mitupu. Nilidhani ni mvua.

Siku ya nne jirani alikuja barazani kwangu. Nilikuwa nashona sketi za bluu. Hakukaa.

"Shoga," alisema, "mama yangu alikuwa ananuka?"

Nikasimamisha cherehani. "Unasema nini?"

"Nakuuliza wewe uliyejifunika pua kwenye maiti yake. Alikuwa ananuka? Au alikuwa na kifua kikuu mie mwanawe nisijue? Maana mtaa mzima unasema unajua. Waliomwosha wanakwenda kupima makohozi!"

Hapo ndipo palipotakiwa yale maneno matatu ya upole. Ningemshika mkono nikasema, ni afya yangu, si mama yako, nisamehe. Nisingelazimika kutaja figo wala mdogo wangu. Lakini alikuwa anapaza sauti, wapita njia wamesimama, na mimi nikaona ninaonewa. Nikatoa swali langu.

"Kwani kuna sheria inayonikataza kuvaa barakoa? Sheria ipi?"

"Mie nakuuliza habari ya mama yangu," alisema, "wewe unaniletea sheria?" Akaondoka.

Wiki iliyofuata nikaletewa barua ya wito kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, ina muhuri. Nilikuwa nimelalamikiwa kwa kumdhalilisha marehemu na kuzusha taharuki.

Mtendaji wa mtaa wetu ni kijana mpole, nadhifu, anayependa mambo yaishe kabla ya adhana ya adhuhuri. Jirani alikaa kwenye benchi upande mmoja, mimi upande wa pili, barakoa usoni, kwa sababu ofisi ile ni chumba kimoja na foleni ya watu wa barua za utambulisho ilikuwa ndani.

"Mama, kwa nini unavaa?" aliuliza.

"Sababu za kiafya."

"Sababu gani?"

"Zangu."

Akakuna kichwa. Bahati nzuri siku hiyo alikuwepo msaidizi wa kisheria, mama mmoja anayezunguka ofisi za mitaa kusaidia watu mambo ya ardhi na ndoa. Mtendaji akamwita atusaidie. Yule mama akasikiliza pande zote mbili, akatoa Katiba yake ndogo iliyochakaa, akatusomea kwamba kila mtu ana haki ya kuishi, na kila mtu anastahili kuheshimiwa mambo yake binafsi.

"Mie siijui sheria yoyote inayomkataza mtu kuvaa barakoa hadharani," alisema. "Mahali wanapotaka kumtambua, wanaweza kumwambia ashushe, wamwone, apandishe. Basi. Na ugonjwa wake halazimiki kuutaja mbele ya watu."

Mtendaji, ambaye alikuwa bado anatafuta suluhu, akaniuliza kwa upole, "Sasa mama, si ungevaa tu nikabu juu yake? Ingeficha yote."

"Nikabu ni ibada, mwanangu," nikamjibu, "si ya kufichia dawa. Na ukiingia chumbani kwa wanawake unaivua. Hilo hujui kwa sababu huingiagi."

Foleni ikacheka. Akaandika kwamba malalamiko hayana msingi wa kisheria, akagonga muhuri. Nilitoka pale nimeshinda. Furaha yangu ilifika mpaka kwenye geti, maana pale jirani alikuwa ananisubiri, na hakuwa na hasira tena usoni. Alikuwa amechoka.

"Umeshinda," alisema. "Sasa nisikilize. Arobaini ya mama utakuja. Utakaa katikati, uso wazi, utakula sinia moja na waliomwosha, watu wote wakuone. Usipofanya hivyo, barua yenu ya posa tutairudisha. Siwezi kumwozesha mwanangu kwa watu waliomwona mama yangu mzoga."

"Huwezi kunilazimisha. Umesikia alivyosema yule mama."

"Sikulazimishi. Hiyo ni sheria ya ofisini. Hii ni nyumba yangu."

Alikuwa na haki. Hilo nililijua palepale. Karatasi yenye muhuri ilinipa ruhusa ya kupita mahali popote, lakini haikuweza kumwambia mtu yeyote kwamba mama yake aliondoka msafi.

Mdogo wangu sikumwambia kitu. Alisikia kwamba tumeitwa ofisini, nikamwambia ni mambo ya wanawake, yameisha. Kumwambia kungekuwa kumpa achague kati ya mchumba na siri yake, na mtu huyu alishanipa vya kutosha. Nilikaa na hesabu hiyo siku nyingi, nashona, nafumua. Nikivaa barakoa, anakosa mke. Nikieleza kwa nini naivaa, yaleyale, au yeye aliogopa kuwa ni yaleyale. Nikiivua, ninaiweka rehani figo ambayo si yangu ya kuzaliwa. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo. Usiku nilikuwa naweka mkono tumboni chini upande wa kulia, walipoipachika, kana kwamba naibembeleza.

Mwishowe nikaamua nitaivua. Mlo mmoja, nikajiambia. Nitavuta pumzi fupifupi.

Arobaini iliwekwa Jumapili, watu wasiwe kazini. Barakoa zote niliziacha nyumbani kwenye droo ya vifungo, nikafunga, ili nisije nikabadili mawazo njiani. Njia yenyewe ni milango miwili. Nilijihisi uso wote u uchi. Hata midomo sikujua niiweke vipi. Watoto wa mtaani wakanikodolea macho. Mmoja akasema, "Kumbe dokta ana meno!"

Safari hii mikeka ilikuwa imejaa. Nadhani watu walikuja kuona. Jirani alinipokea mlangoni, akanitazama uso, akanishika mkono na kunipeleka katikati ya chumba mwenyewe. Niliona macho yake yamejaa machozi. Aliubana mkono wangu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile nikaelewa alibeba nini siku zote zile. Nikaona haya.

Dua ikasomwa. Pilau ikaanza kupita. Kwetu wanaume ndio wanaobeba masinia kutoka jikoni nje na kuyakabidhi mlangoni, wanawake wanayapokea. Sinia letu likawekwa, tukalizunguka sita. Kushoto kwangu alikaa mmoja wa waliomwosha bibi. Kulia kwangu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, ambaye kila baada ya maneno matatu alikohoa, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaomba radhi. "Haya mafua ya mwaka huu jamani hayataki kutoka," aliniambia, usoni, kwa nia njema kabisa. Nikazuia pumzi. Jirani amesimama ananiangalia. Nikanawa, nikapiga bismillahi, nikapeleka mkono kwenye sinia.

"Dada."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, ameshika sinia la pili. Alinitazama mimi, akamtazama yule mama aliyekuwa anakohoa, kisha akalitua lile sinia chini palepale kwenye kizingiti.

"Samahanini mama zangu," alisema, akaingia. Mwanaume ndani ya chumba cha wanawake cha arobaini. Watu wakavuta kanga vichwani, mmoja akasema, "We! We kijana!" Yeye akaja moja kwa moja mpaka katikati, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kile kifuko cha nailoni.

"Vaa."

"Toka nje," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Toka, unaharibu."

"Dada, vaa. Mie sikukupa figo yangu uje uiue kwa pilau."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake amesahau mwavuli. Lakini mle chumbani hakuna aliyetafuna tena. Hata yule mama alikibana kikohozi chake. Mdogo wangu alikuwa ameinyoosha mikono miwili, barakoa inaning'inia kwa kamba zake. Nikaichukua, nikavaa.

Jirani alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Figo?" alisema.

"Ya kushoto," mdogo wangu akajibu. Akarudi mlangoni, akaliinua lile sinia, akamkabidhi aliyekuwa karibu, akaenda kuleta maji.

Jirani ndiye aliyejongea kwanza. Alifunga pazia kwa fundo, akafungua dirisha la kwanza, akafungua la pili. Kisha akachukua bakuli, akachota pilau upande wangu wa sinia, akaongeza nyama, akanishika kiwiko na kunitoa mpaka uani, kwenye karo la kufulia, penye upepo.

"Hapa unaweza kula?"

"Hapa naweza."

Akageuza ndoo, akaikalia, mbali kidogo na mimi. Nikavua, nikala. Alinisubiri nimalize.

"Mbona hukusema, shoga?"

"Haikuwa siri yangu."

"Na siku ile barazani? Na ofisini? Ungesema tu, ni mimi, si mama yako. Ningekuelewa."

"Pale ulikuwa ubishi tu," nikamwambia. "Nisamehe."

Alicheka huku analia, akajifuta. Kisha akaniuliza, "Mama alijua?"

"Hakuniuliza hata siku moja."

"Mama alikuwa hivyo," alisema. Tukakaa tukimsikiliza mtu anayesuuza vikombe.

Siku ileile bibi akasafishika. Waliomwosha wakarudi ndani na kula mpaka wakakwangua, na mmoja akatangaza kwa sauti kwamba maiti ya bibi ilikuwa laini na nyeupe na yenye harufu ya marashi, na asiyeamini amuulize yeye. Jina la mdogo wangu ndilo lililoingia sokoni badala ya la bibi, kama alivyoogopa. Wajomba wa binti wakaja juu. Wakataka alete cheti cha daktari kwamba ni mzima, kwamba atazaa, ndipo siku ipangwe. Binti akasema yeye alikuwa anajua hata kabla ya posa, ameambiwa na mwenyewe, akaapishwa asimwambie hata mama yake, na hana swali. Kumbe siri niliyoibeba kwa ukali wote ule, mwenyewe alishaitoa.

Mdogo wangu hakupeleka cheti. Si kwamba hakuwa nacho. Aliniambia, "Dada, wewe ofisini ulisema zako ni zako. Na zangu ni zangu." Wajomba wakasusa. Siku ya harusi ikasogezwa mara mbili, na kuna wiki ambazo mdogo wangu alikuja kwangu akakaa tu, hata chai hakunywa, nami nikawa najilaumu kwa kila pumzi niliyovuta. Aliyemaliza mambo ni jirani. Aliwaita kaka zake sebuleni, na kwa kuwa ukuta wetu ni mwembamba nilimsikia neno kwa neno. Aliwaambia kwamba suala hilo lilishafika serikali ya mtaa, na kwamba msaidizi wa kisheria alishasoma kwenye Katiba, mtu halazimiki kutaja ugonjwa wake. Mmoja akasema, hiyo ilikuwa habari ya barakoa. "Ni habari ileile," akamjibu.

Harusi ilifungwa baada ya mfungo. Nilivaa gauni la kijani nililolishona mwenyewe, na barakoa mpya, nyeupe. Ukumbi ulikuwa umejaa. Ulipofika wakati wa picha ya familia mbili, mpiga picha akatupanga, akarudi nyuma, akatazama, akaja tena.

"Mama wa gauni la kijani, samahani, hiyo barakoa toa mara moja. Picha haitapendeza."

Nilikuwa napeleka mkono kwenye kamba, maana ni mara moja tu na kijana mwenyewe aliomba kwa heshima. Sikuwahi. Mama wa bibi harusi, na hina yake mpaka viwikoni, alitoka kwenye mstari akasimama mbele yangu.

"Sheria ipi?" alimuuliza.

"Eti mama?"

"Nakuuliza wewe. Sheria ipi inayomkataza?"

Kijana akarudi kwenye kamera yake, akapiga. Picha ile iko ukutani sebuleni kwa jirani. Mdogo wangu na mkewe wanacheka, mimi nacheka kwa macho tu, na yeye pembeni yangu amekunja uso, anamkazia macho mpiga picha, anasubiri jibu.